Debe Lipo

Ghala la viazi, 9 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama najua utaunguza kitu jikoni. Mimi mzima. Mgongo ndio unalalamika, lakini umelalamika tangu siku niliyobeba gunia la kwanza, kwa hiyo tusiuite habari mpya.

Msalimie sana binti yako Kitinda. Mwambie mjomba wake hajasahau viatu. Maduka yakifunguliwa tu, atavipata. Achore mguu wake kwenye karatasi, maana mara ya mwisho nilikisia na viatu vikavaliwa na mtoto wa jirani.

Barua yako ya mwisho ilinuka moshi kama kawaida yako. Huku tunalala wengi chumba kimoja, na kila nikiifungua mtu anapiga kelele, "Jamani, nani anachoma nini?" Andikia barua nje ya jiko, dada. Ipo siku watanimwagia ndoo ya maji.

Unauliza kwa nini simu yangu haipatikani. Tangu ugonjwa huu uingie, langoni wameweka ndoo ya dawa, na msimamizi ametangaza kwamba kila kinachoingia lazima kioshwe. Nikaosha mikono, nikaosha kofia, nikaosha na simu. Niliisugua vizuri sana. Imekufa ikiwa safi.

Sasa lango limefungwa. Anayetoka harudi tena kazini, kwa hiyo tunafanya kazi humu na kulala humu. Yanayoruhusiwa kupita barabarani ni malori ya chakula tu, ndiyo maana barua hii imekuja na huyo dereva mnene. Jina lake la kazini ni Breki, kwa sababu hasimami mpaka aone mtu anapakua. Mpe chochote, ataniletea barua zako salama.

Ukiniona huku utacheka. Nje ya ukuta watu wanatafuta chakula, ndani ya ukuta sisi tunatafuta pa kupita. Mahoteli yamefungwa, shule zimefungwa, malori ya kwenda ng'ambo yamegeuziwa mpakani. Wakulima nao bado wanaleta mzigo, kwa sababu kiazi kilicho ardhini hakisikilizi matangazo ya redio. Viazi vimejaa hadi dirishani.

Neno lenyewe ni hili. Yale maharage ya mbegu aliyoacha baba, mekundu yenye madoa meupe, yaangalie kama unavyomwangalia mwanao. Debe liko chini ya kitanda chako, usilisogeze, panya wa nyumba ile wana akili. Unajua baba mdogo alivyosema: shamba la baba likilala msimu huu tena, atamkabidhi mkwewe alilime. Mvua za Septemba lazima zilikute lina kitu. Mimi nimechoka, dada. Sitaki kuzeekea chini ya magunia ya watu. Kila asubuhi kengele ikilia, linaloniamsha si kengele, ni lile debe.

Niambie maharage yanaendeleaje.

Mdogo wako


Nyumbani, 30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma nimekaa, na bado nimeunguza uji.

Kwa hiyo uliiosha simu. Nimemwambia Kitinda, amecheka mpaka akalala chini, na sasa kila akinawa anauliza, "Mama, na redio tuioshe?" Mguu wake huu hapa nyuma ya karatasi. Hilo doa si kidonda, ni mafuta.

Sisi hatujambo. Shule imefungwa, kwa hiyo mpishi wa shule hana wa kumpikia. Sufuria langu kubwa, lile linalochanganywa kwa mwiko mrefu kama kasia, nimelipindua chini juu, na kuku wamelifanya jukwaa. Lakini watoto hawajui kufungwa kwa shule ni kufungwa kwa nini. Saa sita ikifika wamesimama kwenye ua wangu, kila mmoja na sura ya adabu. "Shikamoo mama mpishi, tumekuja kukusalimia." Wananisalimia mimi huku wanatazama jiko. Wengi wao chakula cha shule ndicho kilikuwa chakula. Baba zao waliokuwa wanabeba mizigo sokoni wamekaa nyumbani, na soko lenyewe linafunguliwa kwa zamu. Bei ya mafuta na unga siitaji, nisije nikakuharibia siku.

Nesi amepita na ule mkanda wa kupima mikono ya watoto. Unazungushwa juu ya kiwiko, unasoma rangi: kijani ni mzima, njano amekonda, nyekundu ni hatari. Kitinda alipimwa, akatoa rangi yake, tukarudi nyumbani.

Baba mdogo anakuja kila wiki kusimama kando ya shamba. Barakoa ameivaa kidevuni, kama ndevu za bandia. Analipima kwa macho, anaondoka.

Breki wako anakula kama lori lake. Nimempenda.

Na hilo uliloliuliza: debe lipo.

Dada yako


Ghala la viazi, 21 Juni

Dada,

Shikamoo, na pole na kuku wanaohutubia juu ya sufuria. Huku sote tunaendelea.

Nina habari njema. Nimepandishwa cheo! Sibebi tena magunia. Nimepewa chumba changu mwenyewe cha kazi, nyuma ya ghala, nakaa kwenye kiti, nachambua viazi. Wenzangu hawanisumbui hata kidogo, hata mlangoni hawafiki. Msimamizi amesema kazi hii hakuna mwingine anayeiweza.

Nilikuwa na mafua kidogo hapo nyuma. Yamekwisha. Usimwambie mtu, maana siku hizi ukipiga chafya wanakuhesabu marehemu.

Chakula tunakula cha kutosha, tena hatuli kitu kimoja. Jumatatu viazi vya kuchemsha. Jumanne viazi vya kuponda. Jumatano, kwa kuwa ni katikati ya wiki, vinachemshwa halafu vinapondwa. Jumapili vinawekwa chumvi.

Mguu wa Kitinda nimeubandika ukutani. Umekuwa mrefu lakini ni mwembamba, au ni kalamu? Halafu hukusema mkanda ulitoa rangi gani.

Na kuhusu maharage, umenijibu kwa maneno mawili. Wewe, ambaye habari ya kuku mmoja huimalizi kwa ukurasa. Yana wadudu? Niambie tu.

Mdogo wako


Nyumbani, 11 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Kitinda anakusalimia na anasema hongera kwa cheo, na je, kiti kinazunguka?

Rangi ni kijani. Nesi amempima tena wiki hii, kijani kabisa. Hiyo ndiyo habari ya kushika.

Sasa kaa nikuulize mimi. Barua iliyopita niliiandika nimeegemea jiko, kuni zilikuwa mbichi, moshi ulinitoa machozi yakaangukia jina lako. Karatasi ile ingeweza kukausha samaki. Wewe mtu wa kulalamika umeandika barua nzima hukutaja moshi hata mara moja. Nesi ametufundisha dalili za ugonjwa huu. Moja ni pua kutosikia harufu. Na mtu gani anayepewa chumba peke yake, wenzake hawafiki mlangoni, kwa sababu ya cheo?

Ulikuwa na mafua kidogo, eti. Nani alikuwa anakupa maji?

Nijibu hilo kwanza. Debe lipo, palepale.

Dada yako


Ghala la viazi, 2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliichana, ilikuwa na maneno ambayo hata Breki asingekubali kuyapakia.

Nikueleze. Breki alipofika safari hii alishuka akijipapasa tumbo. Akasema, "Wewe bwana, dada yako ana mkono! Alinipa maharage, sijala maharage kama yale tangu nizaliwe." Nikamwambia ndiyo, anajua kupika. Akasema, "Si mapishi tu, ni maharage yenyewe. Mekundu, yana vidoa vyeupe kama yamerushiwa chokaa. Mnayatoa wapi?"

Nilikaa juu ya gunia. Maharage yale hayapo kwa mtu mwingine, na unajua. Nilikuuliza maharage ukanijibu debe! Breki aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo, naumwa debe.

Usiku ule nilikasirika vizuri. Kulipokucha nikausoma tena ule mstari wako wa kijani, kisha nikautazama mguu wa Kitinda ukutani, na hasira ikakosa pa kukaa. Nimejua maharage yameenda wapi. Lakini ungeniambia, dada. Mimi si mtoto wa kupewa debe tupu nitikise.

Haya, na mimi nisijifanye mkweli. Niliugua. Walinifungia kwenye stoo ya magunia matupu, na mzee wa lango ndiye aliyekuwa anasukuma maji kwa mguu chini ya mlango. Nilipopona, pua haikupona. Na chumba changu cha cheo ni chumba cha viazi vilivyooza. Watu wenye pua wanatapika mlangoni. Mimi naingia nikipiga mluzi. Msimamizi aliponiona alifurahi kama ameokota dhahabu. Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo.

Nilikuwa nainusa barua yako kila jioni. Hakuna kitu. Karatasi tu. Sikujua nikuandikieje hilo.

Sasa sikiliza. Nyuma ya vilivyooza kuna lundo la viazi vizima ambavyo vimechipua kwa kukaa sana. Mnunuzi havitaki, vimesinyaa, vina vichipukizi kama pembe za konokono. Msimamizi alitaka vichimbiwe shimo. Nikamwambia nipe mimi. Akasema, "Chukua, utaniokolea nguvu za wachimbaji." Dada, kwake ni uchafu, lakini kiazi kilichochipua ni nini kwa mkulima? Ni mbegu! Bora kuliko mbegu, kwa sababu kimeshaamka.

Magunia nimeyapakia kwenye lori la dereva mpya aliyeanza wiki hii, la Breki lilikuwa limejaa. Malori yote mawili yanaondoka pamoja kesho, kwa hiyo barua na mzigo vitafika siku moja. USIPIKE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu nakujua. Kata vipande, kila kipande kiwe na jicho, pale panapochipua, panda mvua ya kwanza ikinyesha. Shamba la baba halitalala. Nisaidie kwa hili moja tu, nisahau yale ya debe.

Mdogo wako


Nyumbani, 6 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole ya pua, na kama ningekuwa huko ningekuzaba kofi halafu nikakupikia supu. Msalimie mzee wa lango. Mguu wake ule Mungu aubariki.

Nimevipika.

Usiichane kwanza. Breki alifika kwenye kizuizi cha barabarani ana homa, wakamtoa kwenye lori na kumweka karantini, yeye na barua yako mfukoni. Dereva mpya akaja peke yake. Akashusha magunia, nikamuuliza, "Ya nini haya?" Akasema, "Mimi nimeambiwa nishushe viazi." Akaondoka bila hata kunywa maji. Sasa mpishi wa shule akishushiwa magunia ya viazi, na watoto wamejipanga uani wanamsalimia, ulitegemea afanye nini? Nililigeuza sufuria kubwa. Kuku walikasirika sana.

Nikueleze na la debe, kwa kuwa nimeshaharibu. Ile siku ya mkanda Kitinda alitoa njano. Mtoto wa fundi cherehani, yule anayecheka bila sababu, alitoa nyekundu, na siku hiyo hakucheka. Nesi akasema anahitaji chakula cha dawa, akafungua boksi, boksi tupu. Litajazwa malori yakija. Nikarudi nyumbani nikalivuta debe. Nilichota kikombe kimoja tu. Kesho yake kikombe kile kikaniita. Sikukuambia kwa sababu uliandika mwenyewe kwamba debe ndilo linalokuamsha. Ningekunyang'anya kitu cha kuamkia, na uko mbali, kisha uamke kwa nini?

Sasa nisikilize mpaka mwisho. Kiazi kilichochipua hakipikwi hivihivi, kinamsokota mtoto tumbo. Kila mpishi anajua. Nilikata ganda nene, jicho nalo likaondoka na kipande cha nyama yake, chochote cha kijani nikakitupa. Maganda tukayamwaga nyuma ya jiko, kwenye jivu na taka za kuku. Watoto wakala viazi wiki kwa wiki mpaka magunia yakaisha, na Kitinda alitapika siku moja tu, kwa ulafi.

Jana Breki amefika, amekonda, suruali anaishika kwa mkono. Akanipa barua. Nilipofika kwenye lile neno lako la herufi kubwa nilikaa chini, hapohapo penye majivu. Kitinda akauliza, "Mama, mjomba amekufa?" Nikamwambia, "Hajafa, ila mimi atakuja kuniua." Nikamsomea. Akasikiliza mpaka penye jicho, akanyanyuka, akazunguka nyuma ya jiko. Akapiga ukelele.

Mdogo wangu, maganda yameota! Wiki iliyopita ilinyesha mvua ya kwanza, mimi sina habari, sikuwa na hamu ya kutazama mvua. Lundo zima limejaa majani ya kijani, mafupi, manene, yanasukumana kama watoto kwenye foleni ya uji. Nilikuwa nimekata vipande vyenye macho kwa siku zote hizo, nikivitupa.

Leo tumehamishia shambani. Sikuita mtu. Saa sita watoto walipokuja "kusalimia" niliwapa kila mmoja kijiti cha kuchimbia. Mtoto wa fundi cherehani alibeba karai, anacheka bila sababu. Baba mdogo naye akaja, na kidevu chake cha barakoa. Akatazama mistari, akauliza, "Mnapanda takataka?"

Nikamwambia, "Shikamoo baba mdogo. Ndiyo, ila zimeota."

"Maganda hayawi shamba."

Kitinda akamvuta suruali. "Babu, sogea kidogo. Umekanyaga jicho."

Unamjua alivyo. Alisogea. Akasogea tena, kwa sababu mstari ulikuwa unamfuata. Mwisho akajikuta kwenye njia, nje ya shamba, na sisi tuko ndani. Akasema, "Haya, tuone," akaenda zake.

Basi nimepika ulichokataza na nimepanda ulichoagiza. Nikasirikie kwa nusu.

Dada yako


Ghala la viazi, 27 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimejaribu kukukasirikia kwa nusu, nimeshindwa. Nilipofika kwenye "Umekanyaga jicho" nilicheka mpaka mzee wa lango akaja kuniuliza kama homa imerudi. Nikamsomea. Akaenda kuwasimulia wenzake, na sasa ghala zima mtu akikuzuia njia anaambiwa, "Sogea, umekanyaga jicho."

Palilia, inua udongo kwenye mashina. Usiwaache watoto wachimbue kabla majani hayajaanza kukauka, najua watataka kuchungulia.

Mbegu ya baba imeniuma, sitasema haijaniuma. Lakini nimemfikiria yeye mwenyewe, angesimama pale na debe mkononi na mtoto wa nyekundu mbele yake. Angelimwaga lote siku ya kwanza, asingeanza na kikombe.

Lango bado. Pua bado.

Mdogo wako


Nyumbani, 5 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Kitinda amekua, tupa ule mguu wa ukutani, huu hapa mpya.

Shule imefunguliwa. Siku ya kwanza nilichochea uji mpaka bega likalia, na hakuna aliyekuja "kusalimia", wote walikuja kula waziwazi. Nesi amepima. Wamebaki njano wachache, nyekundu hakuna. Boksi lake nalo limejazwa. Amesema viazi peke yake havimkuzi mtoto, kwa hiyo kando ya mistari nimepanda mboga za majani, na maharage ya dukani. Hayana madoa, lakini ni maharage.

Majani ya viazi yameanza kukauka. Watoto walichungulia, kama ulivyosema. Walichimbua shina moja la mwisho kabisa, wakakuta viazi sita na jiwe. Jiwe wamelirudisha.

Baba mdogo amepita jana. Akasema, "Mkwe wangu anauliza kama mnaweza kumpa maganda." Nikamwambia aje kupanga foleni. Shamba ni lako, amesema mwenyewe, tena barakoa ikiwa juu ya pua, kwa hiyo hawezi kusema alikuwa anatania.

Debe lipo. Safari hii nakueleza kila kitu: ni tupu, nimelisugua kwa majivu, limekaa juani. Linasubiri mbegu, na mbegu inasubiri mchimbaji. Mimi ni mpishi tu, sichimbi.

Dada yako


Ghala la viazi, 19 Desemba

Dada,

Shikamoo. Hii ni fupi, Breki anapiga honi na suruali yake imeanza kukaa tena.

Wamefungua lango jana. Msimamizi ameniomba nibaki, ameniahidi kiti kinachozunguka, mwambie Kitinda. Nimekataa. Viatu vyake ninavyo, nimevinunua leo asubuhi kwa kipimo cha ule mguu mpya. Naondoka na lori hilihili. Barua hii nitakukabidhi mwenyewe mlangoni, lakini nimeiandika kwa sababu kuna jambo nikilisema kwa mdomo nitalia mbele ya Breki.

Barua yako nililetewa jana jioni, tumekaa vitandani tunafunga mizigo. Nilipoifungua tu, chumba kizima kikalipuka: "Jamani, nani anachoma nini?" Nikainua kichwa, nikagundua na mimi nilikuwa nimekunja uso kabla yao.

Dada, andikia barua nje ya jiko. Hiyo karatasi inanuka moshi.

Mdogo wako